Nani Anatendua Kazi ya Meliame

Kolonga, Tonga
8 Machi 1998

Mwanangu Meliame,

Nimepata mtu wa kubeba barua hii, binti wa mchungaji anayepanda ndege kesho kwenda Auckland. Nimemshika mkono mpaka akaniahidi ataitia posta mwenyewe, hatampa mtu mwingine. Sisi hapa wazima. Goti langu ni lilelile. Nguruwe mwenye sikio lililochanika amezaa, na jina lako linatajwa kwenye sala asubuhi na jioni, hata kabla ya mfalme.

Sasa niambie ukweli. Juzi kwenye simu ya dukani ulisema uko salama, halafu bila mimi kuuliza ukasema tena uko salama. Mtu aliye salama husema mara moja tu. Nilitaka kukubana palepale, lakini mwenye duka alikuwa amekwisha kuzima redio yake ili asikie vizuri, na watu waliokuja kununua mikate wakanyamaza kama wako ibadani. Ndiyo maana naandika, ingawa unajua mkono wangu na kalamu havijazoeana.

Unakula? Usinitumie tena picha ukiwa umevaa koti kubwa. Mwili siuoni.

Na kazi yako uniandikie kwa maneno ninayoyaelewa. Wananiuliza, "Losaline, binti yako anafanya nini kule kwa waunda boti?" Nasema anachora. Wanasema anachora nini? Hapo naanza kukohoa.

Jambo jingine. Ulisema mpo wawili kwenye majaribio na mwisho wa Juni watabaki na mmoja tu. Ulilisema haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Huyo mwenzako ni nani? Ni mzungu? Anakula na wewe? Ukiikosa nafasi hiyo na kibali chako kinakwisha, unarudi, au sikusikia vizuri? Nijibu yote, usichague.

Mama yako,
Losaline


Whangārei, New Zealand
19 Machi 1998

Mama,

Nakula. Jumapili nilipika lū, nyama na tui, nikaifunga kwa mchicha wa hapa kwa sababu majani yetu ya magimbi sikuyapata. Usicheke.

Kazi yangu ni hii. Tunaunda boti ya doria, na ubavuni mwake kuna mkono wa chuma wa kushushia mashua ya uokoaji majini. Mimi nimepewa kitako cha mkono huo, yaani kipande kinachokaa juu ya sitaha na kubeba uzito wote. Si kuchora kwa penseli. Ndani ya kompyuta kuna umbo zima, lina mgongo na tumbo, unaligeuza kama unavyogeuza kiazi kikuu kutafuta palipooza. Unalikata, unalitoboa matundu ya bolti, unalitia mbavu za kuliimarisha. Mbavu zikikosekana, mkono unaweza kuvunjika watu wakiwa bado wananing'inia hewani. Kwa hiyo mkuu wetu hukagua kila Ijumaa. Ni mama wa Kimaori, Ngaire, na ofisi nzima humwita Whaea, kama mtu anavyomwita mama yake mkubwa.

Hapo ndipo penye taabu, Mama. Ijumaa mbili zilizopita alikuta kazi yangu pungufu. Nimetia mbavu asubuhi kwa mkono wangu, nimezitazama kila upande. Akija yeye, hazipo. Matundu yamerudi yalikokuwa jana yake. Ananiambia, "Binti, hii si kazi ya leo." Akidhani mimi mvivu, ni afadhali. Naogopa anadhani mimi ni mwongo.

Na kuna jingine. Siku nyingine nikirudi kutoka chai nakuta kipanya changu, kile kidude cha mkononi cha kuelekezea kompyuta, kimehamia kushoto kwa meza. Mimi natumia kulia. Anayetumia kushoto ni Haloti.

Haloti ndiye huyo mwenzangu. Si mzungu, ni Mtonga, watu wake wametoka visiwa vya Haʻapai na sasa wanakaa hapo jirani yenu, Niutoua. Nilipofika nilifurahi kweli, nikasema nimepata mtu wa kwetu. Tangu siku ya kwanza hanitazami. Nikiingia, anatoka. Nikikaa meza ya kulia, anabeba sahani yake. Jumatatu Craig, fundi wa kuchomelea, alisema mzaha mchafu mbele yangu, watu wakacheka, Haloti akainuka akabamiza mlango. Craig akaniuliza, "Mwenzako ana nini? Umemlia nguruwe wake?" Nikasema kamuulize mwenyewe.

Sina ushahidi. Usimwambie mtu, Mama. Nakujua.

Mwanao,
Meliame


Kolonga
29 Machi 1998

Meliame wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, chai ikachemka mpaka ikakauka.

Huyo kijana ana kitu. Mtu wa kwenu mnakutana ugenini, kwenye baridi hiyo, halafu anabeba sahani? Wewe una ukoma? Mtu anayekwepa macho ya mwenzake anajua alichomfanyia. Nafasi ni moja na ninyi ni wawili, hesabu hiyo hata mimi niliyeachia shule darasa la nne naiweza.

Nisikilize. Usiache kikombe chako wazi. Usimpe mgongo. Ukitoka mezani, ng'oa unywele wako mmoja uuweke juu ya vile vidude mnavyobonyeza, ukirudi utazame kama upo. Mama yangu alifanya hivyo kwenye sanduku la vitambaa, akamkamata wifi yake. Na huyo Whaea, mwambie. Au usimwambie. Mama mkubwa wa kazini si mama mkubwa wa nyumbani, huwezi kujua anampenda nani.

Watu wake nawajua kwa sura. Baba anaitwa Fineasi, mtu mkimya, ana lori bovu. Mama yake ni Lupeti, yule mrefu anayekuja kugonga nao magome Jumatano kwenye nyumba yetu ya kutengenezea ngatu, vitambaa vya magome. Ana mkono mzito huyo, akigonga, gogo zima linaruka. Sijawahi kumwelewa. Anacheka baada ya watu wengine kumaliza kucheka.

Simwambii mtu. Wewe unanijua vibaya.

Nakuombea.
Mama

Nimeuliza kidogo tu ni watu wa namna gani. Kuuliza si kusema.


Whangārei
9 Aprili 1998

Mama,

Uliuliza kwa nani?

Unywele niliuweka, nikajiona mjinga. Nikarudi, haupo. Nikasema labda ni upepo wa ile mashine ya joto. Kesho yake nikabandika juu ya vitufe kipande chembamba cha karatasi ya gundi. Nikarudi, kimebanduliwa na kimebandikwa tena vizuri pembeni. Mwizi gani huyo anayepanga vitu?

Jana sikwenda chai. Nilisimama nyuma ya kioo cha chumba cha michoro ya zamani, Craig akanipita akanong'ona, "Unamwinda nani, dada polisi?" Nikamwambia apite. Na nikamwona, Mama. Haloti alitazama huku na huku, akaja mezani kwangu. Hakukaa hata kwenye kiti, aliinama tu. Akahamisha kipanya, akabonyeza kitu, akasubiri, akatazama, akarudi kwake. Moyo ulinipiga mpaka kwenye meno.

Nikakimbilia kompyuta. Nikaligeuza umbo juu chini. Mbavu zote zipo. Matundu yapo. Hakuna kilichoharibika. Nikakaa pale sijui nifurahi au nilie. Halafu leo mchana, wakati yeye yuko nje na wachomeleaji, nimekuta kitako kimerudi uchi, kama nilivyokikuta asubuhi. Anafanyaje akiwa hayupo? Craig anasema inawezekana mtu kutega kitu ndani ya mashine kikalipuka baadaye kama bomu. Craig hajui kompyuta, lakini nimeshindwa kulitoa neno lake kichwani.

Sijamwambia mtu. Nawe naomba unijibu nilichouliza hapo juu.

Meliame


Kolonga
20 Aprili 1998

Mwanangu,

Pasaka imepita vizuri, kwaya iliimba, mimi sikusikia hata wimbo mmoja. Nitakwambia, ila usisome haraka.

Kwenye kugonga magome kuna kelele. Wanawake wote wanapiga nyundo zao kwenye gogo moja, ukitaka kumwambia jirani yako neno la siri lazima upaaze sauti. Jumatano moja Lupeti hakuja. Wakaniuliza habari zako, nikasema anasumbuliwa kazini. Wakasema na nani? Nikasema na mtu. Wakasema mtu gani? Meliame, wamenizunguka kama kuku na muhogo! Sikusema mwizi. Sikusema mwovu. Nilisema huyo kijana wa Fineasi mkono wake hautulii kwenye vitu vya wenzake. Na nikasema hilo neno wakati ambao, Mungu anajua, nyundo zote zilikuwa zimesimama.

Jumamosi Lupeti alikuja. Hakuingia. Alisimama kwenye ngazi, nilikuwa nakuna nazi. Akasema, "Losaline, sema sasa, nipo nasikia." Nikasema karibu ndani. Akasema, "Sikuja kukaa. Sema mkono wa mwanangu umefanya nini." Nikasema watu huongeza maneno. Akasema, "Basi mimi nitamuuliza mwenyewe, na nitamwambia nani ameniambia." Akaondoka. Hata mbwa hakubweka.

Lakini sasa nami nikuulize, maana barua yako nimeipata juzi: hukumwona kwa macho yako? Hukumwona akibonyeza? Basi nimekosea wapi? Nimewahi tu. Mama akiona moshi hasubiri ateketee mtu ndipo apige kelele.

Usinikasirikie. Silali.

Mama


Whangārei
30 Aprili 1998

Mama,

Haloti ameondoka.

Mama yake alimpigia simu kazini. Alisikiliza, akasema "ndiyo, Mama" mara nyingi, akakata. Akamaliza mstari aliokuwa anauchora. Akaosha kikombe chake, akakitia mfukoni mwa koti, akamwendea Whaea akamwambia anarudi nyumbani. Whaea akamuuliza kwa nini, akasema ni mambo ya familia. Alipopita kwangu aliinamisha kichwa.

Hakuna aliyeniambia kitu, lakini Craig hanitanii tena.

Nami nina la kukwambia. Nilikuficha. Wiki ile niliyomwona, nilimweleza Whaea. Nilisema nahisi kuna mtu anaharibu kazi yangu na nikatazama meza ya Haloti. Kwa hiyo usibebe peke yako.

Wamesema sasa nafasi ni yangu, nikimaliza Juni bila doa. Nilidhani nitafurahi.

Meliame


Whangārei
12 Mei 1998

Mama,

Kaa chini kwanza.

Haloti amekwenda, na mbavu bado zinapotea. Zinapotea kuliko zamani. Wiki ya kwanza nilisema ni ile mitego yake. Wiki ya pili Whaea alikuta kitako uchi tena, akavuta kiti, akasema, "Leo mimi nakaa nyuma yako. Fanya kazi yako, jifanye mimi ni paka."

Nikafanya asubuhi yote. Nikatia mbavu, nikatoboa, nikatoka kuutazama mkono mzima. Nikasogeza kipande kwa bahati mbaya, nikakitendua, nikaendelea. Whaea akasema, "Simama. Rudi ndani ya kitako." Nikarudi. Uchi. Nikapiga yowe, akaniambia, "Usimtafute mtu. Ni wewe. Nimekuona."

Ni hivi, Mama. Kuna kitufe cha kutendua. Ukikosea, unabonyeza, kosa linaondoka kama halikuwapo. Ukiwa ndani ya kitako peke yake, kila jambo ni hatua moja: ubavu ni hatua, tundu ni hatua, ukitendua linaondoka moja tu. Lakini ukitoka nje kuutazama mkono mzima, zile hatua zote za ndani hufungwa pamoja zikawa moja. Asubuhi nzima, hatua moja! Hakuna aliyenifundisha hilo, na hakuna panapoandikwa. Sasa kompyuta yangu ni nzito, picha inachelewa kubadilika. Nabonyeza tendua, naona kimya, nadhani haikusikia, nabonyeza tena. La kwanza limekirudisha kipande mahali pake. La pili limemeza asubuhi yangu. Na kitako kimefunikwa na bamba la sitaha, kwa hiyo sikioni, naendelea zangu huku nikipiga mluzi.

Nikamuuliza Whaea, sasa Haloti alikuwa anabonyeza nini? Akanionyesha. Kuna kitufe cha pili, kinarudisha ulichotendua. Kinafanya kazi ikiwa tu hujagusa kitu kipya. Ukishafanya jambo jipya, cha zamani kimekwenda, huwezi kukidai tena. Haloti alikuwa anakaa nyuma yangu. Akiniona nimejifuta, nikaenda chai kabla ya kugusa kitu kipya, anakuja kunirudishia. Siku ambazo kipanya kilikuwa kushoto, kazi yangu ilikuwa salama. Siku ambazo sikuondoka mezani, au yeye hakuwapo, ndizo nilizopoteza. Nilikuwa na ushahidi wote, nikausoma kinyume.

Whaea hakunigombeza. Alisema tu, "Kuna mtu alikuwa anakuchunga, nasi tumemwacha aende." Ameandika kumwita Haloti arudi amalize majaribio. Mwisho wa Juni wataamua kama kawaida, mmoja kati yetu.

Nimekaa nawaza jambo moja. Kwa nini hakunena? Mtu ana mdomo. "Meliame, usibonyeze mara mbili." Maneno hayo tu! Angesema hayo tungekuwa tunacheka sasa.

Meliame


Kolonga
14 Mei 1998

Meliame mpenzi,

Barua nyingine bado sijapata, naandika juu ya ile ya huzuni. Kwamba ameondoka mwenyewe, mimi naona ni jibu. Asiye na kosa angebaki akajitetea. Wewe usilie, umepata nafasi, funga mlango, fanya kazi. Hapa Lupeti haji tena kugonga magome na gogo linalia kwa upande mmoja, lakini tutazoea.

Naiacha hapa, nimeitwa. Mzee ʻAisea amefariki, yule mdogo wake babu yako.

Naendelea, ni Jumatatu. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Tumemzika ʻAisea. Mimi nilikuwa nyuma jikoni na wake wa ukoo, moshi machoni, nimejifunga mkeka mkubwa wa wafiwa. Nikabeba ufi, vile viazi vikuu vya msiba, kupeleka mbele. Nikawaona watoto wa marehemu wamekaa kwa mstari, wamezama mpaka kifuani kwenye mikeka iliyochanika. Na wa mwisho katika mstari ule, Meliame, ni Fineasi. Fineasi wa Niutoua! Nikamvuta wifi yangu, nikasema yule anafanya nini pale, amekosea msiba? Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Hujui? Yule ni wa ʻAisea wa kumzaa. Alitolewa mchanga, wakalea watu wa Haʻapai waliokuwa hawana mtoto. Marehemu mumeo alikuwa anajua."

Marehemu mume wangu alijua mambo mengi, na akafa nayo.

Kwa hiyo fikiri. Fineasi ni ndugu wa baba yako. Kwa desturi yetu Haloti ni kaka yako. Naye alijua, baba yake lazima alimwambia, kule kuna dada yako. Sasa rudi uitazame ile sahani. Kaka gani wa Kitonga anakaa meza moja na dada yake mkubwa akacheka naye? Kaka gani anasikia mzaha mchafu mbele ya dada yake asiondoke? Kaka gani anamwambia dada yake usoni, umekosea? Alikuwa anakuheshimu, Meliame! Kila kitu ulichoniandikia kilikuwa heshima, nami niliyekufundisha heshima hiyo nikiwa nakusuka nywele sikuiona.

Lakini bado kuna kubonyeza kwake. Alibonyeza nini? Niandikie upesi. Nikijua alibonyeza nini nitajua nimefanya nini.

Mama


Kolonga
28 Mei 1998

Mwanangu,

Nimepata ile ya vitufe. Nimeisoma mpaka nikaielewa, na nilipoielewa nilitamani nisingeielewa.

Jana nilikwenda Niutoua kwa miguu. Nilijifunga mkeka wa zamani kabisa, ule uliotafunwa na panya, nikavaa shingoni majani ya ifi kama wanavyovaa wanaokwenda kuomba wasiuawe. Mke wa mchungaji aliniona nikipita akasema, "Losaline, huna haja ya kufika huko, andika tu." Nikamwambia maneno yangu hayakuandikwa, yalitoka kinywani mbele ya watu, na kinywa changu kitayafuata njiani watu wakiniona.

Nilikaa chini kwenye uwanja wao, kichwa magotini. Lupeti alikuwa ndani, nilisikia anaosha vyombo. Aliosha vyombo vyote alivyojaliwa na Mungu. Watoto wa jirani walikuja wakasimama, wakaondoka. Jua lilinipiga, majani yakaanza kunyauka shingoni, nikasema hata akinimwagia maji machafu siinuki.

Akatoka. Akasimama juu yangu, nikaiona miguu yake tu. Akasema, "Sema, nipo nasikia." Maneno yaleyale. Nikasema yote. Nikasema mwanao alikuwa anamrudishia dada yake kilichopotea, nami nikamwita mharibifu. Nikasema sikujua ni mwanangu pia. Akasema, "Na asingekuwa mwanao?" Nikalia tu.

Basi akainama akanivua majani. Akasema, "Mimi nami ningekuwa na binti kule, ningemshuku hata kivuli chake. Lakini ningeshuku kwa sauti ndogo." Halafu akacheka, mimi nikiwa nimekwisha kulia, peke yake, kama kawaida yake. Tukala.

Fineasi akaja, na Haloti nyuma yake na jembe. Mrefu kama mama yake. Alinibusu shavuni, akaniita Mama, nikataka ardhi inimeze. Nikamwambia barua ya Whaea imekuja, kwa nini haendi? Akasema kwa upole tu, "Nafasi ni moja. Dada yangu ameishika. Siwezi kwenda kushindana naye." Nikasema lakini wewe ndiye ulikuwa unamsaidia, wewe unajua zaidi. Akasema, "Ndiyo maana siendi." Lupeti akarusha mikono. "Unamwona? Hanisikii mimi, hamsikii baba yake. Amekuwa mkulima wa mihogo kwa ajili ya adabu!" Fineasi akasema maneno yake ya kwanza tangu nimfahamu. Alisema, "Kuna mtu mmoja asiyeweza kumkatalia, na hayupo hapa."

Wote wakanitazama.

Sasa mimi nikuambie nini? Neno la dada halipingwi, unajua, ukimwagiza atakwenda. Lakini akija, Juni ni hii, na mwenyewe umeniandikia kwamba anaona ambacho wewe huoni. Ukimwita, huenda unajiita nyumbani. Nimekulea ili ukae mahali salama. Kila usiku nasema nitakuandikia usifanye, halafu naiona miguu ya Lupeti. Safari hii sikushauri. Nimeshauri vya kutosha mwaka huu.

Chochote utakachofanya, mlango huu ni wako.

Mama


Whangārei
8 Juni 1998

Haloti,

Naandika kwako moja kwa moja kwa sababu hili sitaki lipitie kwa mama yeyote.

Nimemweleza Whaea kwa nini hukuwa ukinitazama. Alisema kwao pia kuna mambo ya namna hiyo na angepaswa kuuliza. Meza yako imehamishiwa chumba cha michoro ya zamani, mlango unafungwa, hutahitaji kutoka kila ninapoingia. Nimemwonyesha siku zote ambazo kazi yangu ilisalimika kwa sababu yako. Ameziandika kwa jina lako, si langu.

Mwisho wa mwezi watachagua. Wakikuchagua wewe, nitafunga mizigo yangu, na hutaniomba radhi.

Ndege ipo kila Jumanne. Panda. Sikuombi, Haloti. Mimi ni dada yako, na nimesema.

Meliame